Setup Iliyomkataa Ong'wen

Tangu nirudishe funguo za ofisi, vijana niliowaacha kwenye chumba cha kompyuta hawajaacha kunipigia simu. Wa kwanza alitaka kujua bisibisi ndogo hukaa wapi. Wa pili aliuliza kwa nini printa ya wodi ya wazazi haifanyi kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mwishowe Lavenda, ambaye sasa anakalia kiti changu, akaniambia, "Mama Rosa, si uandike tu? Tutasoma halafu tuache kukusumbua." Hiyo sehemu ya kuacha kunisumbua sikuiamini, lakini nimekaa nikaandika.

Habari za vyeo na mishahara sitazitia humu. Ziko kwenye faili ya ofisi, na sijawahi kuona zikimsaidia mtu kufufua kompyuta. Nitawaeleza jinsi nilivyoanza, aliyenifundisha, na kisa kimoja cha Asembo Bay ambacho nikikikumbuka huwa nakaa wima kwenye kiti.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, hapa Kisumu. Baba alikuwa fundi wa mabomba wa baraza la mji, na nyumbani kwetu hakuna kitu kilichotupwa kabla ya kufunguliwa kwanza. Nilipomaliza shule nikasomea upigaji chapa, nikaajiriwa katika hospitali moja ya misheni mjini. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua za madaktari, ambao walikuwa na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino.

Kisha ikaja kompyuta. Ilikuwa moja tu, nayo iliwekwa kwenye chumba chake na kufunikwa kitambaa cha mezani kilichofumwa. Metroni aliamuru kila anayeingia avue viatu. Siku ya kwanza niliyopelekwa kuitumia nilivua viatu, nikaketi, nikaiwasha kama nilivyoelekezwa. Kioo kikabaki cheusi, na katikati ya ule weusi kistari kimoja kikawa kinawaka na kuzimika. Niliingoja ifanye kitu. Nayo ilikuwa inaningoja mimi. Tulikaa hivyo asubuhi nzima, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Aliyetutoa kwenye heshima hiyo ni Mzee Kariuki. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu akiwa kijana, akafungua kibanda cha kutengeneza redio na taipureta karibu na soko. Hospitali ilikuwa ikimwita kwa ajili ya taipureta zetu. Siku hiyo alipita mlangoni akaniona nimekaa mikono mapajani kama niliye kanisani.

"Imekuwa nini?" akauliza.

"Imekataa," nikamjibu.

"Imekataa si ugonjwa. Wewe ukienda kwa daktari umwambie 'nimekataa', atakupa dawa gani? Imekataaje?"

Akaingia na viatu vyake, akaketi kando yangu, na tukaanza kuiuliza ile mashine maswali. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujifunza kompyuta kwa vitabu alivyoagiza kutoka Nairobi, na nadhani alifurahi kupata mtu wa kujifunza naye. Toka siku hiyo, kila Jumamosi baada ya kazi nilikuwa nakwenda kibandani kwake. Alikuwa akiongea Dholuo, lugha yetu ya Wajaluo, kwa lafudhi ya Nyeri, wateja wakicheka, naye hakujali, mradi redio ziendelee kuletwa.

Mzee Kariuki alinifundisha mambo ambayo mpaka leo sijaona yamepitwa na wakati. Usiguse kitu kabla hujamwomba mwenyewe afanye tena vilevile mbele yako, ukiangalia. Badilisha kitu kimoja tu, kisha ujaribu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hata ukifaulu hutajua ni kipi kilichoponya mashine. Na la mwisho alilolirudia mpaka nikalichoka: usimlaumu mtu mpaka umalizane na mashine. "Mtu ni rahisi kumlaumu," alikuwa akisema, "kwa sababu hana mahali pa kufunguliwa kwa bisibisi."

Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa vichache. Nilikuwa na bisibisi, koleo ndogo, kipima umeme, na brashi ya rangi ya kuta, ile ya kawaida ya dukani, isiyowahi kugusa rangi. Mnaicheka hiyo brashi, lakini iliwahi kunipa heshima kubwa Usenge. Zahanati ya huko ilikuwa na kompyuta iliyozimika yenyewe kila jua lilipopanda. Wenyewe walishaagiza nyingine. Nilipofungua kisanduku nikakuta wamejaa wale wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaokuja wametanda kama moshi, wamekaukia kwenye feni pamoja na vumbi la omena, wale dagaa wanaoanikwa nje. Feni ilikuwa haizunguki. Niliipiga brashi, nikamwomba muuguzi asogeze meza mbali na dirisha, na kompyuta ile ikahudumu mpaka ikapitwa na umri.

Hospitali yetu ilipokua ikawa inasaidia vituo vidogo vya afya ufukweni, nami nikawa fundi wa vyote. Kimoja kilikuwa upande wa Asembo Bay. Jina lake nitaliacha, maana watu wake bado wapo na ninasalimiana nao.

Kituo hicho kilikuwa kimepata mashine ya kuhesabu chembe za damu. Kwa watu wa eneo la malaria, mashine kama hiyo si pambo. Mtoto akija amelegea, inakuonyesha upesi damu yake imeshuka kiasi gani, na kama anafaa kukimbizwa Kisumu kuongezewa. Siku moja umeme ulipotea, na uliporudi ukarudi kwa kishindo, ukaiunguza kompyuta iliyounganishwa na mashine hiyo. Mashine yenyewe ikapona. Tukawapelekea kompyuta nyingine, pamoja na ile faili ambayo sote tunaiita setup, ya kuwekea programu upya.

Utaratibu ulikuwa huu: kila mhudumu wa maabara aingie kwenye kompyuta kwa akaunti yake, abofye setup, ajiwekee programu upande wake. Kampuni iliyotengeneza programu iliitaka hivyo kwa sababu matokeo hutoka kwenye printa yakiwa na jina la aliyepima. Maabara ilikuwa na wahudumu wawili tu. Lilian, dada mchangamfu aliyekuwa mjamzito, alibofya na programu yake ikaingia bila neno. Mwenzake, Bwana Ong'wen, alibofya na hapakutokea kitu.

Lilian alikuwa karibu kwenda likizo ya uzazi. Akiondoka, anayebaki ni Ong'wen, na Ong'wen hana programu. Tayari siku ambazo Lilian hakuwa zamu, damu zilikuwa zinapakiwa kwenye kijisanduku cha barafu na kupelekwa Kisumu, na majibu yanarudi kesho yake. Kwa mtoto aliyelegea, kesho ni mbali.

Nilifika asubuhi. Msimamizi wa kituo, Madam Jenipher, alinipokea mlangoni, akanivuta kando.

"Mama, kompyuta haina shida. Shida ni mtu," akasema kwa sauti ya chini.

"Kwa nini, Madam?"

"Kwa Lilian inafanya. Kwa Ong'wen inakataa. Hii mashine ikija alisema yeye amezoea hadubini yake. Sasa huu ni mgomo baridi. Ama ni ile flashi yake ya nyimbo za kwaya, ameingiza virusi. Nimeshampa barua ajieleze."

Barua ya kujieleza, kwa ambao bado hamjapewa, ni ile inayoweza kukufikisha nyumbani mapema. Nikamwambia, "Inawezekana ni mtu, Madam. Wacha nianze na kompyuta, halafu nitakuja kwa mtu."

Bwana Ong'wen alikuwa mwanamume mrefu, mzito wa maneno, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inaonekana. Kanisani kwao alikuwa mwalimu wa kwaya. Alinisalimia kwa adabu, lakini niliona hakuwa ametulia.

"Bofya nione," nikamwambia.

Akabofya. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka kidogo, kikapotea. Hakikufunguka kidirisha, halikuja onyo, hata kile Kiingereza cha kutisha hakikuja. Setup ilikuwa imenyamaza kama mtu aliyeitwa akajifanya hajasikia.

"Umeona?" akaniuliza.

"Sijaona kitu."

"Basi umeona chote ninachoonaga mimi."

Nilianza na yale ya kwanza. Niliangalia ukubwa wa faili nikaulinganisha na ya kwangu. Ilikuwa nzima, haikukatika wakati wa kunakiliwa. Niliinakili upya hata hivyo. Nikaingia kwenye sifa za faili kuangalia kama kompyuta imeifungia kwa kuwa imetoka kwenye intaneti. Haikuifungia. Nikafungua jela ya antivirusi, pale inapoweka inachokishuku. Nilikuta mfungwa mmoja tu, wimbo wa kwaya wa Bwana Ong'wen. Nilimkagua kila upande, hakuwa na hatia yoyote. Nikazima kompyuta, nikawasha. Kimya kilekile.

Nikaingia kwa akaunti yangu ya fundi, nikabofya setup ileile. Ikafunguka palepale.

Madam Jenipher alikuwa amesimama mlangoni. "Si nilikwambia?"

Nilidhani ni suala la ruhusa. Akaunti ya fundi ina ruhusa kubwa, ya Ong'wen ilikuwa ya kawaida. Lakini ya Lilian pia ilikuwa ya kawaida, na hilo lilinisumbua. Nikampa Ong'wen ruhusa kama zangu, nikamwambia abofye. Kiduara kikazunguka, kikapotea. Ong'wen akarudisha mikono yake mapajani. Nikamwona yule msichana wa zamani mbele ya kistari kinachowaka na kuzimika, isipokuwa huyu alikuwa na barua ya kujieleza mfukoni.

Nje kwenye benchi watu walikuwa wameongezeka. Mama mmoja kutoka upande wa ufuo alikuwa amempakata mtoto wa kiume, kichwa cha mtoto kimelalia bega, viganja vyake vimepauka. Lilian hakuwa zamu siku hiyo, lakini aliposikia nimekuja alifika, akiwa ameshika kiuno.

"Ingia tu kwa jina langu upime," akamwambia Ong'wen. "Mtoto ni huyo."

"Wewe uko hapa, pima wewe," Ong'wen akajibu. "Jina lako nisilitumie. Majibu yakileta shida utaulizwa wewe."

Lilian akajiandaa kukaa, lakini mimi nikawaomba wanipe nafasi ya jaribio moja. Niliwaza kwamba pengine akaunti ya Ong'wen ilikuwa imeharibika ndani, jambo linalotokea. Dawa yake ni kufungua mpya. Plagi ya ukutani ilikuwa legelege, ukiiachia kompyuta inazimika, kwa hiyo niliishika kwa mkono mmoja nikamwambia Lilian, "Nisaidie kuandika jina lake."

Lilian akaandika. Ong'wen akaingia kwenye akaunti mpya, akabofya setup.

Ikafunguka.

Lilian alipiga makofi kwa furaha. Ong'wen aliendelea kubofya mpaka mwisho, programu ikaingia, akavaa glavu zake na kumwita mama mwenye mtoto. Alitoa damu kwa upole, akimwambia mtoto kwa Dholuo kwamba ni kama kuumwa na siafu mmoja tu. Mashine ikanguruma, printa ikatoa karatasi. Damu ya mtoto ilikuwa chini sana. Madam Jenipher mwenyewe alikimbia kumwita dereva wa ambulensi, na kabla chai ya saa nne haijapoa gari lilikuwa njiani kwenda Kisumu.

Mimi nikaanza kukunja nyaya zangu. Nilikuwa nimeshapata jibu: akaunti ya zamani imeharibika, mpya imepona, kwaherini. Ni Ong'wen aliyenizuia. Alikuwa amebaki na nakala ya karatasi ya mtoto, akiitazama.

"Mama," akasema, "huyu si mimi."

Nikaangalia. Pale chini palipoandikwa jina la aliyepima, palikuwa na *Ongwen*.

"Ni kialama tu kimeruka," Lilian akasema. "Sikuona maana."

"Ng'wen ni kumbikumbi," Ong'wen akaniambia, ingawa mimi ni Mjaluo kama yeye na nilijua. Nadhani alitaka lisemwe chumbani. "Mimi nilizaliwa wakati kumbikumbi wanatoka. Ndiyo maana ya jina. Ukitoa hiyo alama halina maana, si kitu."

Madam Jenipher alikuwa amerudi. "Bwana, watu wanangoja damu zao, na wewe unatafuta alama?"

"Madam, damu nitazipima zote sasa hivi. Lakini hii ni karatasi ya hospitali. Kitambulisho changu kina Ong'wen. Leseni yangu ya maabara ina Ong'wen. Siku moja wakiuliza nani alipima huyu mtoto, watatafuta Ongwen, na hayuko."

Alikuwa sahihi, na hakupandisha sauti. Alipima damu zote za benchi. Alipomaliza, nikaketi kumfungulia akaunti nyingine, na safari hii niliandika mwenyewe, na ng' kamili, ile ng' ya ng'ombe. Akaingia, akabofya setup.

Kiduara kikazunguka, kikapotea.

Hapo ndipo nilipoacha kukunja nyaya. Nilihisi kitu ambacho nyinyi vijana mtakihisi mara chache katika maisha ya kazi, na mkikihisi msikikimbize. Kaeni nacho kidogo. Nilifungua akaunti ya majaribio nikaiita Ng'ombe. Setup ikanyamaza. Nikafungua nyingine nikaiita Ngombe. Setup ikafunguka. Nikacheka peke yangu mpaka Lilian akaja kuchungulia.

Maelezo yake ni haya, na ninyi mnayajua, lakini nayaandika kwa atakayekuja. Ukibofya setup, kabla haijafungua dirisha, hujifungua kwanza vipande vipande kwenye folda ya muda iliyo ndani ya folda ya mtumiaji. Na folda ya mtumiaji hupewa jina la mtumiaji. Ile alama ya ng', walimu wa Kiswahili huiita ritifaa, kwenye lugha nyingi za kompyuta huashiria kwamba maneno yanaanza au yameisha. Kwa hiyo setup ilipofika kwenye njia iliyoandikwa Ong'wen ikasoma "Ong", ikadhani maneno yameisha, na "wen" ikabaki haijui ipeleke wapi. Ikafa kabla haijapata hata mdomo wa kulalamika. Aliyeiandika hakuwahi kumfikiria mtu mwenye jina kama hilo. Na sisi huku ziwani tuna Ong'wen, Ang'ila, Nyang'aya, Ong'ayo. Lau Lilian angeolewa kwenye ukoo wenye jina kama hayo, naye pia angenyamaziwa.

Nikaipigia simu kampuni kule Nairobi. Aliyepokea alikuwa mhandisi wao, Bwana Gitau, kijana mwenye adabu. Niliweka simu kwenye spika ili wote wasikie.

"Mama, hiyo programu iko kwa hospitali nyingi sana," akasema. "Hakuna mtu ameleta malalamiko kama hayo."

"Wenye majina hayo labda walilaumiwa wao," nikamjibu.

"Sawa, lakini kuna njia rahisi. Mwambie huyo Bwana atoe tu hiyo alama."

Nilimwangalia Ong'wen. Alikuwa anapanguza meza yake.

"Bwana Gitau, nyumbani kwenu ni wapi?" nikauliza.

"Murang'a."

"Unaiandikaje?"

Nikamsikia akitaja herufi moja moja, akakwama kwenye g. Kisha akasema, "Ngoja nitakupigia, Mama."

Tulikunywa chai. Madam Jenipher aliniletea kikombe mwenyewe, akaketi pembeni. Simu ilipolia nikaiweka tena kwenye spika.

"Nimefungua akaunti hapa, nimeiita Murang'a," Gitau akasema. "Imekataa."

"Imekataaje?"

"Imenyamaza tu. Haifunguki kabisa." Akavuta pumzi. "Mama, hili ni kosa letu. Si la huyo Bwana."

Sitasahau jinsi alivyolisema, wazi, bila kuzungukazunguka. Wahandisi wengi wangeniambia tutaliangalia. Huyu alikaa nasi kwenye simu mpaka tulipopata njia. Nilitengeneza folda yenye jina fupi kwenye mzizi wa diski, nje ya folda nyingine zote, isiyo na jina la mtu, na kwenye mipangilio ya akaunti ya Ong'wen nikaelekeza folda zake zote za muda huko. Gitau naye akanionyesha jinsi ya kuiambia setup iweke programu yenyewe nje ya folda ya mtumiaji. Jina la Ong'wen sikuligusa.

"Bofya," nikamwambia.

Akabofya. Kiduara kikazunguka, na dirisha likafunguka, jeupe, pana, na kitufe chake cha kuendelea. Ong'wen alilitazama kabla ya kukigusa, kana kwamba lingeweza kubadili nia. Programu ilipoingia akapima damu yake mwenyewe kama jaribio, akatoa karatasi. Pale chini palikuwa na jina lake zima. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Madam Jenipher akasimama. Angeweza kumwita ofisini na kulimaliza kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Alilimalizia palepale, mbele ya Lilian, mbele yangu, mbele ya karani wa mapokezi na wagonjwa waliokuwa mlangoni.

"Bwana Ong'wen," akasema, akaitamka ng' vizuri kabisa, "ile barua naifuta. Nilikosea juu yako."

Ong'wen akafikiri. "Sawa, Madam. Lakini na wimbo wangu pia utolewe jela."

Niliutoa mimi mwenyewe, na maabara nzima ikausikiliza. Waimbaji wa soprano walikuwa wanavuta kidogo, lakini sikuwa nimeitwa kwa hilo.

Juma lililofuata niliuliza habari za yule mtoto. Aliongezewa damu Kisumu, akarudi nyumbani. Lilian akaenda likizo yake akajifungua salama, na Ong'wen akaendesha maabara peke yake mpaka aliporudi, bila damu hata moja kupakiwa kwenye barafu. Baadaye aliniambia kwamba hadubini bado anaiamini zaidi, lakini hiyo ni kazi yake na sikubishana naye.

Mimi na Gitau tuliendelea kuwasiliana. Aliniomba nimwandikie majina ya watu wetu yenye ng', apate ya kujaribia, nami nikamkusanyia kutoka vituo vyote vya ufukweni. Watu walinitajia hata ya mababu. Yeye akaongeza ya kwao. Ilichukua muda, maana kule kwao pia kuna wakubwa wa kushawishiwa, lakini toleo jipya lilikuja. Kampuni iliandika, pamoja na mengine yaliyorekebishwa, kwamba setup sasa inafunguka kwa majina ya aina zote. Hakukuwa na jina langu wala la Ong'wen, na sikulitafuta. Nilijua.

Miongoni mwa safari zangu za mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa ya Usenge, kupeleka toleo hilo. Maabara yao ilikuwa imepata mhudumu mpya, binti aliyetoka chuoni, akiitwa Ang'ila. Nilimwelekeza afungue akaunti yake. Akaandika jina lake lote kwa haraka, na alama yake, bila kufikiria, kama mtu anavyoandika jina lake. Akabofya setup. Dirisha likafunguka.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na pengine nilisimama zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu aligeuka.

"Mama, kuna shida?"

"Hakuna," nikamwambia. "Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho, akavaa glavu, akaita mgonjwa wa kwanza.